Jino Likinyamaza Lenyewe: Mwongozo wa Matibabu ya Mzizi wa Jino

Mtu wa Tanga anayeumwa jino hupewa ushauri kabla hajamaliza kueleza linauma upande gani. Barazani ataambiwa aweke karafuu, nyumbani ataambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, na dukani atauziwa vidonge vya kutuliza maumivu pamoja na viuavijasumu ambavyo hakuandikiwa na mtu yeyote. Siku ya tatu au ya nne maumivu hukoma, naye hurejea kwenye mbaazi na maandazi yake akiamini kuwa amepona. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili ya siku hiyo ya nne, kwa sababu jino lililomkesha mtu kisha likanyamaza bila kutibiwa, mara nyingi halikupona bali limekufa, na jino lililokufa ndani ya taya huja kudai haki yake baadaye.

Mimi si daktari. Nimewahi kukalia kile kiti kwa ajili ya magego mawili, moja nikalipoteza kwa uzembe wangu mwenyewe na la pili ninalitafunia hadi leo, na tofauti baina ya hayo mawili ndiyo iliyonifanya niandike.

Kilichomo ndani ya jino

Tabaka la nje la jino huitwa enameli, nalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini na halina hisia. Chini yake ipo dentini, yenye vijitundu vidogo mno vinavyopitisha hisia ya baridi, moto na utamu. Katikati kabisa kipo chumba chenye nyama laini, yaani kiini cha jino, kilichojaa mishipa ya damu na ya fahamu, na chumba hicho huendelea kwa mifereji myembamba ndani ya mizizi hadi nchani, mahali ambapo mishipa hiyo huingia ikitokea kwenye mfupa wa taya. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja, gego la chini mara nyingi lina mitatu, na gego la kwanza la juu huwa na mitatu au minne. Watu wetu wanapokiita kiini hicho "mshipa" hawajakosea sana.

Wanapokosea ni pale wanaposema kwamba jino limeliwa na mdudu. Imani hiyo ni ya kale na haikuwa ya pwani peke yake, kwani huko Ufaransa daktari Pierre Fauchard alilazimika kuipinga mwaka 1728. Kinachotoboa jino ni asidi inayotengenezwa na bakteria wa kinywani kila wanapopata sukari, na mashambulizi ya asidi hiyo huendelea kwa muda wa nusu saa hivi baada ya kila tonge tamu. Kwa hiyo anayekula kashata tatu kwa mkupuo mmoja huliumiza jino kidogo kuliko anayemega kashata moja kidogo kidogo na kahawa yake tangu alasiri hadi magharibi. Ziko pia njia nyingine za kukifikia kiini: kokoto iliyosalia kwenye wali, kuanguka kwa pikipiki, au tundu kubwa lililozibwa zaidi ya mara moja.

Bakteria wakikifikia kiini, hicho huvimba kama nyama nyingine yoyote iliyojeruhiwa. Tofauti ni kwamba kidole kikivimba ngozi hutanuka, ilhali kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote na hakina pa kutanukia. Shinikizo huongezeka ndani, damu hushindwa kupita katika kile kitundu kidogo cha nchani, na nyama yote hufa ikiwa imefungiwa humo. Hapo ndipo hitaji la matibabu ya mzizi, yaani kuisafisha mifereji na kuijaza bila kuling'oa jino, linapotokea: mwili hauwezi tena kupeleka kinga wala dawa mahali pasipofikiwa na damu, na uchafu uliobaki ndani hauna njia ya kutoka isipokuwa kupenya nchani na kuingia kwenye mfupa.

Kuyasoma maumivu

Daktari atakuuliza maswali ambayo ni vema ukawa umekwisha kuyajibu nafsini mwako, maana wagonjwa wengi wakishakalia kiti chake husahau kila walichokusudia kusema.

Ukinywa juisi ya miwa yenye barafu, jino likashtuka, kisha maumivu yakaondoka ndani ya sekunde chache baada ya kumeza, kiini kimechokozwa lakini bado kinaweza kurudi katika hali yake. Kwa kawaida hapo kuondoa uozo na kuziba jino kunatosha, na huu ndio wakati wa bei nafuu kuliko wakati mwingine wowote.

Maumivu yakibaki kwa nusu dakika au zaidi baada ya kile kilichoyaanzisha kuondoka, yakija yenyewe bila kuchokozwa, yakizidi unapolala chali, au yakiamshwa na chai ya moto, kiini kimeumia kiasi cha kutoweza kupona. Wako watu wanaogundua kwamba maji baridi yanawatuliza, wakawa wanalala na chupa ya maji ya friji kando ya kitanda, na hiyo ni dalili ambayo daktari hufurahi kuisikia kwa sababu inamwondolea shaka. Katika hatua hii maumivu pia husambaa na kudanganya. Mgonjwa huonyesha sikio, au huapa kuwa ni jino la juu wakati lenye kasoro ni la chini. Ndiyo maana si jambo la busara kumshikilia mtabibu akung'oe lile unalolinyooshea kidole kabla hajalichunguza.

Kisha huja ukimya. Jino haliitiki tena kwa baridi wala kwa utamu, kwa kuwa mishipa ya fahamu imekwisha kufa, na ukimya huo unaweza kudumu kwa wiki kadhaa, kwa miezi, hata kwa miaka. Huvunjika pale sumu za bakteria zinapovuka ncha ya mzizi. Jino huhisi kama limerefuka, huuma unapotafuna au unapoligonga, pengine hugeuka rangi na kuwa la kijivu. Wengine huota kipele kwenye ufizi, kinachotoa usaha, kikafunga, kikafumuka tena. Kipele hicho mara nyingi hakiumi, kwa sababu usaha umejipatia mlango, na watu hukitumbua kwa sindano wakadhani wamemaliza kazi. Kipele ni mlango tu, ilhali mwenye nyumba yumo ndani ya jino.

Daktari atayathibitisha haya kwa kuligonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake, kwa kuligusisha pamba iliyopoozwa sana, na kwa picha ya eksirei, ambayo huonyesha kina cha uozo, umbo la mizizi, na kivuli cheusi nchani ikiwa mfupa umeanza kuliwa. Usishangae picha ikitoka safi ilhali unaumwa, kwani kivuli huhitaji muda kabla ya kuonekana.

Usiku wa kwanza

Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza parasetamo mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6, asizidishe vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni hutuliza vizuri zaidi maumivu ya aina hii, lakini haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito. Asipirini isiwekwe kamwe juu ya jino au ufizi, maana huunguza nyama na kuongeza kidonda juu ya maradhi. Mafuta ya taa nayo yaachiwe taa.

Karafuu ninaitetea. Mafuta yake yana kemikali iitwayo eujeno, ambayo hutuliza kweli mishipa ya fahamu, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Wazee wetu hawakuwa wakibahatisha. Hata hivyo, karafuu hutuliza usiku mmoja na haiondoi uozo.

Kuhusu viuavijasumu, ni lazima niseme kwa uzito zaidi. Dawa hizo husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani yake, kwa hiyo zinaweza kupunguza uvimbe ulioenea pembeni lakini haziwezi kulifikia chimbuko. Daktari huziandika pale maambukizi yanapotoka nje ya jino, kwa mfano mgonjwa anapokuwa na homa au uso uliovimba, tena pamoja na matibabu ya jino lenyewe. Anayezinunua kila jino linapoamka huwafundisha bakteria kuzizoea.

Uvimbe ukienea chini ya taya au kuelekea jichoni, kinywa kikashindwa kufunguka, ulimi ukawa kama umeinuliwa, ukashindwa kumeza hata mate, au pumzi ikawa nzito, hiyo si kazi ya miadi ya wiki ijayo. Ni dharura inayoweza kuziba njia ya hewa, na mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo.

Kung'oa au kutibu

Kung'oa ni haraka na ni rahisi kwa mfuko, na sitamlaumu mtu aliyechagua hivyo akiwa anajua anachokiacha. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na katika suala hili methali hiyo inaweza kusomwa kama ilivyo, bila fumbo. Gego likiondoka, majirani zake huanza kuegemea pengo, lile lililokuwa likikutana nalo hurefuka likitafuta mwenzake, na mfupa uliokuwa umelishika hupungua. Kulirudishia pengo jino la bandia, hasa lile linalopandikizwa kwenye mfupa, huweza kugharimu zaidi ya matibabu ya mzizi yaliyokwepwa.

Yako meno yasiyostahili kutibiwa mzizi: lililopasuka wima hadi kwenye mzizi, lililobakiwa na kipande kidogo kisichoweza kubeba kizibo, na lililolegea kwa sababu ufizi na mfupa wake vimekwisha. Gego la mwisho kabisa, lililo pembeni na lisilo na kazi kubwa, mara nyingi hung'olewa bila majuto. Muulize daktari swali moja la wazi: "Nikilitibu mzizi, je, litabaki na nguvu ya kutafuna?" Jibu lake litakuamulia.

Si kila kituo kinachong'oa meno kinatibu mizizi, kwa hiyo uliza kabla ya kupoteza nauli. Kwa wakazi wa Tanga, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, na anayetoka Muheza, Pangani au Korogwe anaweza kuanzia hospitali ya wilaya yake, akapewa rufaa. Mizizi iliyopinda sana au iliyowahi kutibiwa ikashindikana humhitaji bingwa, na mabingwa wengi wako Dar es Salaam, ambako ndiko iliko shule ya udaktari wa meno ya chuo kikuu cha Muhimbili. Uliza pia bei ya jumla, maana gego lenye mifereji mitatu hutozwa zaidi ya jino la mbele, na kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino lililotibiwa, mara nyingi huhesabiwa peke yake. Mwenye bima aulize imelipia nini na imeacha nini.

Mweleze daktari kama una kisukari, presha, mzio wa penisilini, vali ya moyo iliyobadilishwa, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mjamzito aseme mapema. Kipindi cha katikati ya ujauzito ndicho kinachofaa zaidi kwa kazi ndefu, ingawa jino lenye usaha halisubiri miezi. Aliyefunga Ramadhani apange miadi kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa maji humwagwa kinywani muda wote wa kazi, na akishikwa na maumivu katikati ya mwezi amuulize sheikh wake, maana mgonjwa ana ruhusa yake.

Kinachofanyika kitini

Kazi huanza na ganzi. Sindano yenyewe huuma kwa sekunde chache, kisha mdomo na nusu ya ulimi huwa kama si vyako. Gego la chini lililovimba sana huchelewa kushikwa na ganzi, kwa hiyo kubaliana na daktari kwamba utainua mkono ukihisi maumivu, naye ataongeza dawa. Kujikaza kiume hapa hakumsaidii mtu yeyote.

Baadaye hutandazwa kipande chembamba cha mpira kilichotobolewa tundu, jino likachomoza juu yake peke yake kama kisiwa. Kifaa hicho kilibuniwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864, na faida yake ni kuzuia mate yenye bakteria yasiingie ndani ya jino, na kuzuia dawa na vyuma vidogo visiteleze kooni. Ikiwa hukuona kikitumika, si vibaya kuuliza kwa adabu.

Daktari hutoboa njia kutoka juu ya jino hadi kwenye chumba cha kiini, akaondoa uozo wote, akatafuta midomo ya mifereji. Hupima urefu wa kila mfereji kwa picha au kwa kifaa cha umeme chenye kutoa mlio, kwa sababu akiishia njiani ataacha uchafu na akivuka ncha ataujeruhi mfupa. Ndipo anapoingiza tupa ndogondogo, nyembamba kama sindano ya kushonea, akianza na nyembamba zaidi na kuendelea na nene, huku akikwangua kuta. Kila baada ya tupa huosha kwa sodiamu hipokloriti, kemikali ileile iliyomo katika jiki ya kufulia, ila kwa kiwango kinachodhibitiwa na daktari. Sehemu hii ya kuosha ndiyo moyo wa matibabu, kwa kuwa mifereji ina vichochoro ambavyo hakuna tupa inayoweza kuvifikia. Harufu ya jiki puani itakujulisha kwamba kazi inafanyika. Asije mtu akajaribu kusukutua jiki nyumbani.

Jino lenye usaha mara nyingi halimalizwi siku hiyo. Huwekewa ndani dawa ya haidroksidi ya kalsiamu, likazibwa kwa muda, na mgonjwa akarudi baada ya wiki moja au mbili. Kila ziara huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, hivyo usiweke miadi mahali ambapo bajaji inakusubiri nje.

Mifereji ikishakuwa mikavu na safi hujazwa gatapecha, utomvu mgumu wa miti ya Kusini-mashariki mwa Asia ambao hulainika kwa joto. Utomvu huohuo ndio uliovikwa nyaya za telegrafu za chini ya bahari katika karne ya 19, ukiwamo waya uliofika Unguja mwaka 1879, kwa sababu maji ya chumvi hayaupenyi. Kinachotakiwa ndani ya mzizi ni hichohicho: kitu kisichopitisha majimaji wala kuwapa bakteria makazi.

Baada ya kiti

Usile kabla ganzi haijaisha, jambo linaloweza kuchukua saa 2 au 3, kwani unaweza kuutafuna mdomo wako mwenyewe bila kujua. Jino huweza kuuma kidogo kwa siku chache unapolitafunia, na maumivu hayo hutulizwa kwa dawa za kawaida. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au uvimbe mpya, ni sababu ya kurudi bila kungoja tarehe ya kadi.

Sasa nirudi kwenye gego langu la kwanza. Lilisafishwa, likazibwa kwa muda, nami nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Kwa kuwa halikuwa linauma tena niliona safari ile haina haraka, na miezi mitano baadaye, nikiwa nakunywa supu ya mbuzi asubuhi, nilikanyaga kipande cha mfupa na nikasikia mlio ambao sikuusikia kwa sikio bali kwa fuvu. Gego lilikuwa limepasuka wima. Kizibo cha muda huchakaa na kuvuja baada ya wiki chache, na jino lililotobolewa katikati limepoteza nyama kubwa ya kuta zake, hivyo hupasuka kirahisi kuliko jino zima. Fedha zote nilizokuwa nimekwisha kulipa zikaishia kwenye ndoo ya taka ya kliniki.

Kwa hiyo usihesabu kwamba umemaliza mpaka jino limepata kizibo cha kudumu, na kwa magego, ikiwezekana, kofia inayolifunika juu yote na kulishika lisitanuke. Jino la mbele lililobakiwa na kuta nzima mara nyingi hutosheka na kizibo. Mpaka kofia ipatikane, tafunia upande mwingine, na mifupa, ubuyu mkavu na barafu viwapishe wengine.

Huzunguka kwenye simu zetu ujumbe unaodai kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta saratani na magonjwa ya moyo. Madai ya namna hiyo yalienezwa Marekani miaka ya 1920 na daktari wa meno Weston Price, na majaribio yake yalipokuja kurudiwa kwa uangalifu hayakuthibitika, ingawa kabla ya hapo meno mengi mazima yalikuwa yamekwisha kung'olewa bure. Jino lenye usaha lisilotibiwa ndilo hatari kwa mwili.

Matibabu yakifanywa vizuri na jino likafunikwa, zaidi ya meno 8 katika kila 10 huendelea kutumika kwa miaka. Yanayoshindikana huwa na mfereji uliokosa kuonekana, kizibo kilichovuja au ufa, na mengine huweza kutibiwa upya au kukatwa ncha ya mzizi kwa upasuaji mdogo. Mfupa hujaa polepole, kwa hiyo daktari atataka picha nyingine baada ya miezi 6 au mwaka mmoja, hata kama huumwi. Siku hiyo nenda na picha ya kwanza uliyoihifadhi pamoja na kadi yako, kwa sababu kivuli cha nchani hakisomwi peke yake, bali kwa kulinganishwa na kilivyokuwa.